Likizo Katika Chumba cha Mzazi

Wauguzi wapya, nyinyi mliopangiwa Garissa, Wajir na huko juu Mandera, hebu nisikilizeni kidogo. Chuoni mmefundishwa mambo mengi mazuri: kuchoma sindano, kupima presha, kumzalisha mama aliyefika amechelewa. Kupumzika hamkufundishwa. Hata kuomba ofu hamkufundishwa, ndiyo maana mnaiomba mmeinamisha macho kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe. Mimi nimestaafu, naishi mtaa wa Iftin hapa Garissa, na sina mkubwa wa kunikaripia tena, kwa hiyo nitasema nipendavyo.

Naitwa Mghoi. Ni Mtaita. Kazi ilinileta huku nikiwa msichana, nikajiambia nitakaa mwaka mmoja nijionee, kisha nirudi kwetu milimani penye baridi. Sasa meno yameanza kung'oka na bado niko hapa. Watu huniita Sista, wazee kwa watoto, na Kisomali changu wanakicheka mpaka leo, ingawa wanakielewa vizuri sana ninapogomba.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Bute, huko Wajir. Nilifika na sare iliyopigwa pasi na kiherehere cha kutosha wauguzi watatu. Siku za mwanzo nilipima joto la kila aliyeingia, na kila aliyeingia alikuwa na homa. Mzee aliyekuja kung'olewa jino, homa. Mama aliyemsindikiza, nikampima naye kwa wasiwasi, homa. Nikamwendea msimamizi wangu, Sista Amina, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna ugonjwa umeingia Bute. Akanitazama, akasema, "Pima meza." Nikapima meza. Meza ilikuwa mgonjwa kuliko wote. Kumbe kipimajoto nilikuwa nakiacha dirishani, juani, na vile vya zebaki vikishapanda kwa jua hata ukivikung'uta mpaka mkono ukuume havishuki. Tangu siku ile nikawa nakiweka kwenye kikombe cha maji ya mtungi. Nyinyi mna vya betri, lakini navyo msiviache kwenye gari.

Huyo Amina ndiye aliyenifundisha kazi, na bila kujua ndiye aliyenifundisha kupumzika. Alikuwa na mkeka wake nyuma ya stoo ya dawa. Ikifika sala ya alasiri alitandika, akasali, na akimaliza alibaki ameketi palepale kimya kwa muda mrefu. Hakuna aliyemsogelea. Watu wale wale waliokuwa wananivuta mimi mkono, "Sista, Sista, mtoto, mtoto," walisimama mbali wakamngoja kwa adabu. Mimi Mkristo sikuwa na mlango wa namna hiyo wa kujifungia. Basi nikafanya ujanja. Amina akitandika mkeka, nami naketi kando yake, nafumba macho. Hakuna aliyenigusa. Mzee mmoja alifurahi sana kuniona pale, akaniletea tasbihi. Niliipokea kwa shukrani na nikaendelea kwenda zangu kanisani.

Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo nataka mlishike. Watu wa huku wanaheshimu mapumziko yenye jina. Sala ina jina. Saumu ina jina. Ukifiwa, watu wanakuketisha chini na hakuna atakayekuuliza kazi. Mwanamke akijifungua ana arobaini yake, anawekwa ndani, anapikiwa, anafukiziwa udi, na hata kikombe haoshi. Lakini kusema nimechoka, hilo halina jina. Nani hajachoka? Ukimwambia mfugaji aliyetembea na ngamia kutoka kisimani kwamba umechoka kwa kukaa chini ya bati ukiandika majina ya watu, atakupa pole, kisha atakuonyesha mguu wake wenye kidonda.

Nasema haya kwa sababu ya Hodan.

Hodan ni binti wa jirani yangu Mzee Yusuf, mwenye duka la saruji na misumari hapa Iftin. Ni msichana mpole, mwenye kucheka kwa urahisi. Alipomaliza uuguzi, baba yake alichinja mbuzi, na tangu siku ile hakumtaja tena kwa jina, alisema tu "daktari wangu." Nilimwambia Mzee Yusuf kwamba muuguzi si daktari. Akanijibu, "Sista, wewe usiharibu."

Akapangiwa zahanati moja upande wa Griftu. Walikuwa wauguzi wawili, halafu mwenzake akaenda kusoma na hakuletwa mwingine. Siku ya soko la mifugo, wanaoleta mbuzi wanaleta na wagonjwa wao palepale, na wote wanataka kuonwa kabla ya lori kuondoka. Dawa zikiisha, wanaamini amezificha. Akimpa mtu vidonge, anaulizwa kwa nini ananyimwa sindano. Wazee wanaingia, wanamtazama juu mpaka chini, wanauliza daktari yuko wapi. Akifunga mlango wa zahanati, wanaenda kubisha mlango wa nyumba, na nyumba ipo hatua chache tu. Mwaka haujaisha, Hodan aliomba likizo, akapewa kwa shingo upande wiki mbili, akapanda basi akaja nyumbani.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo nyinyi nyote mtalifanya. Alikuja kupumzika kwa watu wanaompenda. Mzee Yusuf alikuwa ameshatangaza msikitini kwamba daktari wake amefika. Kulipopambazuka, kibarazani kulikuwa na shangazi mwenye presha, mjomba aliyetoka Modogashe na mgongo wake, na mama mmoja ambaye hakuna aliyemjua, ameshika chupa ya mkojo. Mama yake Hodan alikuwa anawagawia chai. Msichana akawahudumia. Kesho yake wakaja wengi zaidi. Siku ya tatu akapita uani, akaruka ukuta wa nyuma na buibui lake, akaingia jikoni kwangu.

"Sista," akasema, "nimechoka mbaya. Nifiche."

Mimi nina mdomo, hilo linajulikana. Nikamtandikia mkeka, nikaanza kumhubiria jinsi sisi tulivyofanya kazi Bute bila stima, bila gari, bila simu. Nilipogeuka kumwonyesha kovu la nge nililolipata huko, nikakuta amelala fofofo. Nikamfunika, nikanyamaza. Mahubiri yale sijui yangemsaidia nini.

Alipoamka aliniambia anaacha uuguzi. Hakuja likizo, alikuja moja kwa moja, nguo zake zote ziko kwenye lile begi. Nikamwuliza kuna nini. Akaanza kuukunja mkeka. Halafu akaniambia kuhusu mtoto.

Mtoto aliletwa amekaushwa na kuhara, macho yamezama. Wazazi walikuwa mbali, malishoni na mifugo yao, wametembea naye. Hodan alitafuta mshipa mikononi, miguuni, kichwani, akaupata, akaweka dripu, akapiga simu ya gari la wagonjwa. Gari lilikuwa njiani mtoto alipokata roho. Alifanya yote ya kufanya, nimemwuliza hatua kwa hatua na mimi si mtu wa kumpa mtu sifa za bure. Lakini si hilo lililomvunja.

"Walienda kuzika," akasema. "Mimi nikarudi nyumbani, nikala wali. Nikala, nikashiba. Sikulia, Sista. Nilikuwa na njaa tu. Jioni nikakumbuka nikajiuliza, mtu gani huyo? Mtoto anafia mikononi mwake halafu anakula wali na kushiba? Mtu wa hivyo asiguse wagonjwa."

Najua ganzi hiyo. Moyo ukishachoka sana unanyamaza, na unaweza kuuona ukimya wake ukadhani umekuwa mtu mbaya. Lakini ukimwambia hivyo mtu aliyechoka, anaona unampaka mafuta tu. Kwanza alihitaji kulala. Alale siku nyingi, mahali asipobishiwa mlango. Na kwangu hapakufaa, kwa sababu wagonjwa wa Mzee Yusuf walipomkosa Hodan walikumbuka kwamba hata Sista Mghoi aliwahi kuwa muuguzi. Foleni ikahamia kwangu.

Ndipo nikamfikiria Habiba.

Habiba anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa amejifungua mtoto wa nne, yuko katikati ya arobaini yake, na mlangoni pake alikuwa ameketi mama yake mzazi, Dahabo, ambaye sote tunamwita Ayeeyo, yaani bibi. Ayeeyo Dahabo ni mwembamba, na sauti yake inasikika mpaka barabarani. Nikamweleza shida. Alinisikiliza huku anapepea makaa. Akauliza swali moja, kama msichana anakoroma. Nikasema hakoromi. "Mlete," akasema.

Basi Hodan akaingia chumba cha mzazi. Kitanda kimoja Habiba na mtoto, godoro la pili Hodan. Pazia limeshushwa, chumba kinanukia udi. Asubuhi mikate laini ya anjera na samli, mchana mchuzi wa mbuzi, jioni nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa kwa mafuta, na maziwa ya ngamia. Hodan alitaka kuosha vyombo, akanyang'anywa. Akataka kumtazama mtoto kitovu, Ayeeyo akampiga kofi la mkono, kofi dogo. "Wewe bumzika," akamwambia kwa Kiswahili chake cha Kisomali. "Kitovu natazama mimi na Sista."

Watu walikuja kumtafuta, watakosaje kuja? Ayeeyo aliwajibu wote jibu moja. "Hii nyumba iko na wazazi wawili. Hakuna kazi hapa." Watu walicheka, wengine wakakasirika, lakini nani atabishana na mlango wa mzazi? Wanaume hata hawakukaribia. Nilikaa kibarazani kwangu nikaitazama ile furaha, na nakiri nilimwonea wivu Hodan kidogo, maana ujana wangu wote hakuna aliyenitia ndani ya chumba cha namna ile.

Nilimpigia simu msimamizi wake, kijana mmoja mwenye adabu, nikamwomba amwongezee wiki moja. Akasema, "Sista, mimi mwenyewe sijaenda likizo tangu niajiriwe." Nikamwambia basi aombe, asingoje aanguke. Akaniuliza na yeye nitamfichia wapi. Kweli, wanaume sina pa kuwapeleka, hilo nyinyi mtalitafutia dawa. Lakini wiki akaiongeza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Alasiri moja nilikuwa nimeketi nao chumbani. Habiba ananyonyesha, Hodan amelala chali anatazama dari. Kwa siku zile alikuwa ameshamsimulia Habiba habari yote, kama alivyonisimulia mimi. Habiba, bila kumtazama, akamwuliza, "Yule mtoto aliitwa nani?"

Hodan akamgeukia. "Liban," akasema. "Hakuna aliyeniuliza jina lake. Kwenye simu waliniuliza umri na uzito."

"Mungu amfanye kitangulizi cha wazazi wake peponi," Habiba akasema. Mimi na Hodan tukaitikia amina. Habiba akambadilisha mtoto titi la pili. "Na ule wali, ulipika wewe?"

"Sikupika. Aliniletea bibi yake Liban. Walitoka makaburini, akaja na sahani imefunikwa, akaiweka mezani pangu. Akaniambia kula."

Mimi nilikuwa sijaambiwa hilo. Nilimwuliza kuhusu dripu na mishipa na gari, maana hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Kuhusu chakula sikuuliza kitu.

"Mwenye msiba amekuletea chakula kwa mkono wake," Habiba akasema. "Ulitaka umrudishie? Yeye alikuona umefiwa, akakulisha. Ni wewe tu ambaye hukujiona."

Hodan akageukia ukutani. Mwanzo nilidhani amekasirika. Kisha nikaona mabega. Alilia kilio cha sauti, kile ambacho mtu hakiachii mbele ya wagonjwa, na Habiba hakumwambia nyamaza, aliendelea tu kumnyonyesha mtoto wake. Ayeeyo Dahabo akafungua mlango, akatazama, akaufunga tena taratibu. Na mimi nililia, sioni haya kusema. Nililia yangu ya miaka mingi, watoto ambao majina yao ninayakumbuka na wengine ambao nimeyasahau.

Jioni hiyo Mzee Yusuf alikuja kwangu amekunja uso. Alikuwa na wageni waliotoka mbali na kila siku mkewe humwambia tu kwamba binti yuko kwa jirani.

"Sista, yuko wapi daktari wangu?"

"Yuko kwa Habiba, chumba cha mzazi."

"Anamhudumia?"

"Anahudumiwa."

Akashtuka. "Ni mgonjwa?"

"Amefiwa," nikasema. Neno lilinitoka bila kulipanga, na nilipolisikia nikajua ni lenyewe.

"Amekufa nani? Mbona sikuambiwa?"

"Mtoto, huko Griftu. Anaitwa Liban."

"Mtoto wa nani?"

"Wa watu wengine, Mzee Yusuf. Lakini amemfia yeye."

Mzee Yusuf akakunjua uso. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Akaenda zake. Baadaye nikasikia amewaambia wageni wake wote waende hospitali kubwa, nyumba yake ina msiba. Kesho yake akatuma samli kwa Habiba, na kwa mara ya kwanza tangu yule mbuzi achinjwe, alimtaja binti yake kwa jina. "Hii ni ya Hodan," alimwambia aliyebeba.

Sasa msidhani kwamba msichana aliamka asubuhi anaimba. Siwapendi watu wanaowaambia vijana kwamba ukilala vizuri kazi inakuwa tamu. Kazi haikuwa tamu. Dawa bado zilikuwa haba na mwenzake bado hakuletwa. Siku ya mwisho ya likizo aliniambia bado hajui kama ataendelea na uuguzi. Alikuwa anakula vizuri na macho yalikuwa yamerudi, lakini jambo hilo hakulijua, na mimi sikumsukuma. Nilimwambia akitaka kuacha nitasimama naye mbele ya baba yake, na nilimaanisha.

"Lakini kuna mahali sijaenda," akasema. "Sikuwapa mkono wa pole. Walizika, wakanilisha, nikajifungia ndani, halafu nikaondoka na basi."

Akanunua sukari na majani ya chai, kama anavyofanya mtu yeyote anayekwenda kwenye msiba. Mama yake akaongeza tende. Akaondoka nazo kwenda Griftu, na lile begi lenye nguo zake zote akaliacha kwangu, ili aamue hukohuko kama litumwe au atalifuata mwenyewe. Nikaliweka chini ya kitanda na kila nikifagia nililigonga na ufagio.

Kabla sijamalizia, sikilizeni. Mkiomba likizo, ombeni kwa sababu yake halisi. Mkiwa mmefiwa na mgonjwa, semeni mmefiwa, watu wa huku hakuna neno wanalolielewa upesi kuliko hilo. Msijifungie ndani siku ya maziko. Nendeni mkaketi na wenye mtoto, hata kama hamna la kusema, hata kama mnaogopa watawalaumu. Mimi miaka yangu yote sikuwahi kwenda, nilidhani muuguzi hapaswi. Hodan, ambaye hajamaliza hata mwaka, ndiye aliyenionyesha kwamba inafaa.

Alinitumia ujumbe wa sauti siku aliyofika. Nimeusikiliza mara nyingi, na ingawa simu yangu imejaa sijakubali kuufuta. Anasema alikwenda kwao Liban kabla hata ya kufungua zahanati. Alimkuta bibi ameketi nje anasuka kamba. Akampa pole, akamwekea sukari mbele yake. Bibi akamtazama sana.

Akamwambia, "Tulijua umeondoka. Wale wawili waliokuwa kabla yako, kila mmoja, tulipomzika mgonjwa wake wa kwanza, hatukumwona tena. Ndiyo maana siku ile nilikuletea chakula mbio mbio. Nilitaka ukae."

Hodan akamwambia hakuondoka, alikuwa likizo. Bibi akauliza alikuwa anafanya nini huko likizo. Hapo kwenye ujumbe Hodan anacheka kidogo, maana alijua jibu lenyewe linavyosikika mbele ya mwanamke mzee anayesuka kamba juani.

"Nilikuwa nalala, ayeeyo. Nililala sana."

"Ukatosheka?"

"Nikatosheka."

Bibi akaiweka kamba chini. "Basi ingia ndani," akasema. "Mama yake Liban yumo. Tangu siku ile hajalala."

Hodan akavua viatu, akaingia, akashusha pazia, akaketi naye mpaka mama yule akalala.